Vizibo Kwenye Lami

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Kijiko alikuwa na kazi ya meza. Mama yake aliendesha mgahawa mdogo wa chai, supu na mkate. Ulikuwa chumba kimoja tu, jiko nyuma, dirisha mbele, na ndani palienea meza mbili, ya tatu ukiilazimisha. Zilizobaki zote zilikaa nje, barabarani. Kijiko alizibeba kichwani moja moja, miguu ikitazama juu, akipita mlangoni kwa kuinama kidogo ili asigonge kizingiti.

Jina lake halisi liliitwa na walimu tu. Mtaani alikuwa Kijiko, kwa sababu utotoni alikuwa na kichwa cha mviringo na mwili mwembamba kama mpini, na watu wa mtaa wakishakupa jina hulivui hata ukinenepa.

Barabara yao haikuwa hivyo zamani. Magari yalipita huku na huku, yakibanana mpaka kwenye milango ya maduka, na mtu akitaka kuvuka alisimama hadi achoke. Kisha baraza la mji likaigawa. Upande wa maduka ukawa wa waenda kwa miguu na meza. Katikati ikapakwa njia ya kijani ya baiskeli, kila ukingo una mstari mweupe. Upande wa mbali ndio ukaachiwa magari, yaende upande mmoja tu. Watu waligombana. Wako waliosema mji umeharibiwa na wasiojua mji, na wako waliosema sasa ndio wameanza kupumua. Mama Kijiko hakugombana na mtu. Alikuwa karibu kuufunga mgahawa, na meza za nje zikamwokoa. Watu walipenda kunywa chai mahali wanapoona wapitao, bila kumeza moshi.

Sasa, lami ya pale mbele ilikuwa na mteremko. Meza isipokaa mahali pake ilicheza, na chai ikamwagikia mteja mapajani. Kijiko akabuni ujanja wake. Mchana, jua likiwa kali na lami imelainika, alichukua vizibo vya soda, akavikandamiza kwa kisigino pale hasa miguu ya meza ilipotulia, meno ya kizibo yakazama chini. Kila mguu kizibo chake. Asubuhi hakuhitaji kubahatisha tena. Mama yake alimsifu mbele ya wateja, akasema mtoto huyu ana akili ya fundi, na Kijiko akajifanya hasikii.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa Kengele, mbeba mkate. Aliupeleka mkate wa tanuri kwa baiskeli, kreti kubwa imefungwa nyuma kwa mpira, na kabla hujamwona ulimsikia, kwa maana aliipiga kengele yake kwa kila paka na kila kivuli. Alikuwa anakwenda taratibu. Mkate wa moto, alisema, ni kama bibi harusi, hautaki kurushwarushwa.

"Kijiko," alikuwa akimwambia kila siku, "leo umekoroga nani?"

"Nakungoja wewe, mjomba."

Binti yake Kengele alikaa dawati moja na Kijiko shuleni. Alikuwa mfupi kuliko wote darasani, akaitwa Nusu. Baba yake alikuwa akiwaeleza watu kwamba huyu ni mkate nusu, ile nusu nyingine bado iko tanurini, wasiwe na haraka.

Wateja walipoongezeka, Mama Kijiko alinunua meza nyingine. Mahali pa kuiweka hapakuwepo, ila ukisogeza zile za mbele. Alisimama mlangoni, mwiko mkononi, akaitazama njia ya kijani ilivyo tupu saa hiyo.

"Sogeza kidogo," alisema. "Hatakufa mtu."

Kijiko akasogeza, na mchana akakandamiza vizibo vipya. Vile vya zamani aliviacha pale pale, vikang'aa kama jicho la samaki. Baada ya muda ikaja meza nyingine, na mama akasema tena sogeza kidogo, haba na haba hujaza kibaba. Safari hii miguu ya mbele ilikanyaga mstari mweupe. Safari iliyofuata iliuvuka.

Si wao peke yao. Kinyozi wa jirani aliona, akalitoa benchi lake la wateja wanaongoja zamu. Fundi viatu naye akasukuma kabati lake. Kila mmoja alichukua kiasi cha kiganja, na kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kumnyooshea kidole, kwamba mbona yeye amechukua zaidi. Njia ya baiskeli ikawa nyembamba kama utepe.

Kengele alilisema jambo hilo mara moja, kwa utani. Alimwambia Mama Kijiko kwamba meza zake zimeota miguu, zinatembea usiku. Mama akacheka, akamkaribisha chai, na maneno yakaishia kikombeni. Siku nyingine Kengele alimwita Kijiko pembeni, akashusha sauti.

"Mwenye vizibo ni wewe. Nirudishie upana wa usukani tu, mwanangu. Nikiyumba hapa nina mahali pamoja tu pa kuangukia, barabarani."

Kijiko alimwahidi. Alikuwa na nia kabisa. Lakini kumwambia mama kwamba meza zirudi nyuma, wakati wateja wanasimama kungoja nafasi, lilikuwa neno zito mdomoni mwake. Akasema atasema kesho, na kesho yake akasema kesho.

Asubuhi ya ajali haikuwa na dalili yoyote. Meza zilikuwa zimejaa. Kengele alikuwa ameshashusha mkate wao, anaondoka, anapiga kengele yake. Mteja mmoja kwenye meza ya mbele alitaka kuinuka, akakisukuma kiti nyuma bila kutazama. Kengele akakikwepa. Upande wa kushoto palikuwa na meza, upande wa kulia palikuwa na barabara, na kwenye barabara lilikuwa linakuja gari la mizigo.

Kijiko alikuwa mlangoni na sahani mkononi. Aliona yote. Alichokikumbuka zaidi baadaye si kishindo, bali mikate, ilivyotawanyika kwenye lami, na jinsi watu wawili watatu waliokosa la kufanya walivyoiokota, wakaipangusa vumbi, wakaipanga vizuri mezani kama inauzwa. Wengine walikuwa wameinama juu ya Kengele. Hakupiga kelele. Alikuwa anauliza mkate uko wapi.

Walipomchukua kumpeleka hospitali, askari bado hawajafika. Kinyozi alisema wazi kwamba wakizikuta meza pale, mtaa mzima utafungwa. Mama Kijiko aliingiza meza ndani, akatoka na kisu cha jikoni, akampa binti yake.

"Ng'oa vizibo."

"Vyote?"

"Ng'oa, mama, usiniulize."

Kijiko akapiga magoti, akaving'oa kimoja kimoja, akavitia kwenye kopo la maziwa. Lakini lami ina kumbukumbu. Kila kizibo kiliacha shimo la duara lenye meno pembeni. Mama akaleta kipande cha zulia kuukuu, akakitandika juu, kana kwamba anawapambia wateja.

Askari walipouliza, kinyozi alitangulia. Akasema mtu yule alikuwa anakimbia, amechelewa na mikate yake, akatoka mwenyewe kwenye njia yake. Fundi viatu akasema hata yeye aliona hivyo. Mama Kijiko aliulizwa, akasema alikuwa jikoni. Hilo lilikuwa kweli. Kijiko hakuulizwa, kwa sababu ni mtoto.

Siku zilizofuata maneno yakaota mizizi. Mtaani ilikuwa inajulikana sasa kwamba Kengele alikuwa mtu wa mbio, na waliokuwa wanamsifu kwa upole wake walianza kukumbuka siku ambazo nusura awagonge. Baraza la mji likatangaza kwamba litakuja kusikiliza watu. Wako waliotaka barabara irudishiwe magari yote kama zamani. Kinyozi na wenzake walitaka meza zibaki ila njia ya baiskeli ifutwe. Baiskeli hainunui chai wala hainyoi nywele, alisema kinyozi, inapita tu, na sasa imeanza kutuletea damu mlangoni.

Shuleni, Nusu alirudi akiwa mkimya. Wakati wa mapumziko hakutoka nje. Alimweleza Kijiko, macho yakiwa kwenye dawati, kwamba baba yake amekatwa mguu chini ya goti. Na mwenye tanuri amesema kama Kengele alitoka njiani kwa uzembe wake, hana kazi ya kumpa mzembe. Kama alisukumwa nje ya njia, basi atamweka dukani, auze mkate akiwa amekaa. Lakini watu wote mtaani wanasema alikuwa anakimbia.

"Baba hakimbii na mkate," Nusu alisema. "Ukiruka unapasuka. Wewe ulikuwepo, Kijiko. Alikuwa anakimbia?"

Kijiko alifikiria kopo la maziwa alilolificha chini ya kitanda, akafikiria mama yake, na mgahawa ukiwa umefungwa kwa kufuli.

"Sikuona," alisema.

Nusu alimtazama kwa muda. Kisha akachukua kalamu yake, akasogea kidogo kwenye benchi. Ilikuwa kama kiganja tu, lakini Kijiko aliuona upepo ukipita kati yao.

Tangu siku hiyo chakula hakikumshuka. Mama yake alimpikia supu, ikapoa. Alimgusa paji la uso, akakuta hana homa. Hakuuliza zaidi. Wote wawili walijua ugonjwa ni upi, wakawa wanaupita pembeni kama watu wanaopita mbwa aliyelala.

Jumamosi walikwenda hospitali kumwona mgonjwa. Mama alibeba chupa ya chai. Wodi ilikuwa ndefu, na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ilikaa kooni. Kengele alikuwa kitanda cha mwisho, amekonda, blanketi limejaa upande mmoja na upande mwingine limelala kama chapati kuanzia gotini. Kijiko alijaribu kutotazama pale, na macho yakawa yanarudi pale pale.

"Kijiko," Kengele alisema. "Sasa hata mimi nimebaki mpini mmoja."

Mama Kijiko akamimina chai, akamwuliza anaendeleaje, naye akajibu kwamba hivyo hivyo. Akawashukuru kwa kuja. Halafu akasema jambo ambalo Kijiko hakulitarajia.

"Mwanzo nilikataa. Nikasema sikimbiagi, mimi. Lakini sikumbuki kitu tangu nilipopiga kengele. Na watu wazima, majirani, wote wanasema nilikimbia. Watu wote hawawezi kuwa waongo. Basi nilikimbia. Namwambia Nusu amsamehe baba yake."

Mama Kijiko aliinamisha kichwa. Chai ilikuwa imefika ukingoni mwa kikombe, naye anaendelea kumimina, mpaka ikamwagikia vidoleni. Njiani kurudi nyumbani alitembea upesi kama mtu anayefukuzwa.

Kijiko alikuwa nyuma yake, anafikiri. Mguu wa mjomba Kengele ulichukuliwa na gari. Lakini kile alichojijua mwenyewe, kwamba ni mtu anayekwenda taratibu, hicho kilichukuliwa na wao. Walikuwa wanamwibia akiwa kitandani.

Baraza lilikuja alasiri, jua likiwa bado kali. Halikukaa ukumbini, lilisimama barabarani penyewe, na magari yakazuiwa kwa muda. Afisa wa mji alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viatu vilivyojaa vumbi la kutembea. Aliwaomba watu waseme mmoja mmoja. Dereva mmoja akasema meza zirudi ndani ya nyumba, kwani lini barabara imekuwa sebule. Muuguzi mmoja akasema yeye huenda kazini kwa baiskeli, na kabla ya njia ile alikuwa anaaga watoto kila asubuhi kama anayekwenda vitani. Kinyozi akasema kwa ufasaha, kama kawaida yake. Akasema meza hazikumdhuru mtu. Kila mtu alikuwa nyuma ya mstari wake. Aliyeumia alijitakia.

Afisa akauliza kama yuko aliyeona tofauti. Watu wakatazama viatu vyao. Nusu alikuwa amesimama karibu na ukuta na shangazi yake, midomo ameibana.

Kijiko aliingia ndani. Wengine walidhani ameona aibu. Akatoka na kopo la maziwa, akapiga magoti katikati ya watu wazima, akakivuta kile kipande cha zulia.

Alianza na mashimo ya karibu na mlango. Akatoa kizibo, akakiweka, akakikandamiza kwa kisigino, na lami iliyolainika ikakipokea. Meno yakaingia kwenye meno. Akaweka cha pili, cha tatu, mstari mzima. Akasogea mbele, akaanza mstari mwingine. Hapakuwa na sauti ila ya kopo. Watu walikuwa wanafuata vizibo kwa macho, na vizibo vilikuwa vinatembea, vinatoka ukutani, vinaukaribia mstari mweupe, vinaukanyaga, vinaingia kwenye kijani. Mstari wa mwisho ulikaa katikati kabisa ya njia ya baiskeli.

"Hapa ndipo ilipokuwa meza siku ile," Kijiko alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mjomba alipiga kengele. Alikuwa anakwenda taratibu. Kiti kilirudi nyuma, hakuwa na pa kupita."

Kinyozi akasema mtoto huyu anacheza, atolewe, mambo ya wakubwa si ya watoto. Akageuka kwa Mama Kijiko ili amwite binti yake.

Mama Kijiko alikuwa mlangoni, aproni kiunoni. Alikuwa anavitazama vizibo kama mtu anayesoma jina lake mwenyewe. Akaja taratibu, akapita kati ya watu, akasimama nyuma ya mwanawe, akamwekea mkono begani.

"Hachezi," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia asogeze, na mimi ndiye niliyemwambia ang'oe. Kengele hakukimbia. Kama ni wa kulaumiwa, mtoto mwacheni, niko hapa."

Kisha fundi viatu, bila kutazamwa na mtu, alilishika kabati lake na kuanza kulivuta nyuma. Lilikuwa linakwaruza lami, na mkwaruzo ule ulisikika mtaa mzima. Benchi la kinyozi lilibaki peke yake mbele, na kila mtu alikuwa analitazama. Mwishowe naye akaliinua.

Uamuzi ulikuja baadaye. Barabara haikurudishiwa magari. Meza zilibaki, na njia ya baiskeli ikabaki, lakini kwenye ukingo wake vikajengwa vizuizi vya saruji ambavyo hata ungetaka kuvisogeza huwezi. Kila duka likapewa mpaka wake. Mama Kijiko aliitwa akahojiwa, mgahawa ukafungwa kwa muda, na ulipofunguliwa aliruhusiwa meza chache kuliko mwanzo. Baadhi ya majirani waliacha kumsalimu. Mwenye tanuri alitimiza neno lake, Kengele akawekwa dukani. Siku Nusu alipomwambia baba yake kwamba hakukimbia, inasemekana alifunika uso kwa blanketi, akakaa hivyo mpaka jioni. Lakini mguu haukurudi, na anapokaa kwenye kaunta mkono wake wa kulia bado hutafuta kengele.

Asubuhi ya kwanza baada ya kufungua, mama na binti walitoa meza pamoja. Mama alileta kamba, wakaivuta kutoka ukutani hadi kwenye mpaka wao, wala haukuwa mbali. Kijiko akaweka vizibo chini ya miguu ya meza, vikae pale mpaka jua lilainishe lami. Mama yake alichuchumaa kando yake, jambo ambalo hakuwa analifanya, kwa sababu ya mgongo.

"Nilikuwa nasema haba na haba hujaza kibaba," alisema. "Nilidhani kibaba hujazwa na heri peke yake. Kumbe hata ubaya hujaa hivyo hivyo, mwanangu, kiganja kwa kiganja, na anayetia hajioni kwamba ametia. Kidogo changu, kidogo cha kinyozi, kidogo cha fundi viatu. Tulipovijumlisha, ulikuwa mguu wa mtu. Na uongo wetu nao tuliusema kidogo kidogo, kila mtu neno lake. Siku nyingine nikikuambia sogeza, na wewe unaona si haki, niambie hapana. Niambie mapema, hata mbele ya wateja. Nitakasirika. Niambie tu."

Kijiko akaitikia kwa kichwa. Akashika kizibo cha mwisho, akakiweka.

Ndipo ilipolia kengele. Nusu alikuwa anakuja kwenye njia ya kijani, anaisukuma baiskeli ya baba yake iliyonyooshwa gurudumu, kreti ya mkate ikiwa nyuma. Ilikuwa kubwa kwake, usukani ulimfika kifuani. Alishusha mkate mezani bila kusema neno, akampa mkono Mama Kijiko kwa adabu, akageuza. Kijiko alisimama na kamba mkononi. Alitaka kumwita, akakosa jina la kuanzia.

Usukani ulipita kati ya kizuizi na kizuizi, haukugusa kitu. Nusu hakugeuka nyuma. Lakini alipofika mbele kidogo, mahali ambapo hapakuwa na paka wala kivuli, aliipiga kengele mara moja.